Leo Ni Sikio Gani

Salha, umeniuliza kwenye simu paka hajambo,
nikasema hajambo, maana ndivyo tunavyojibu
hata nyumba ikiwa inaungua.

Ukweli ni huu.
Saa kumi na moja alfajiri, Dundee bado giza totoro,
navaa mpira kidole kimoja,
nakamua dawa kiasi cha punje ya mchele,
nampaka ndani ya sikio.
Jana hili, leo lile, yasichubuke.
Nilitaka kuweka herufi kwenye kalenda ya msikiti:
kushoto ni K, kulia ni K.
Sasa kila siku nachora sikio.

Yule uliyemwita Kitumbua kwa unene wake,
aliyejaza kiti kizima ukakaa wewe chini,
leo ni kilo mbili na robo tatu.
Nikimpapasa, uti wa mgongo
unahesabika kama tasbihi.

Daktari Kinnear alinieleza polepole,
akidhani kinachonitatiza ni Kiingereza:
tezi ya shingoni imevimba, inaukimbiza moyo,
ndiyo maana anamaliza bakuli tatu na bado anakonda,
ndiyo maana usiku anasimama ukumbini kulia
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Tukiituliza tezi, figo zitajitokeza.
Zimechoka siku nyingi,
mbio za damu ndizo zilizokuwa zikizisitiri.
Ukitibu hiki, kile kinaumbuka.
Nikamwambia, hiyo naijua, daktari,
nimewahi kuoa.

Daktari wa mifugo! Lugha yetu nayo.
Mfugo ni mbuzi, ni kuku, ni kitu
utakachokula au utakachouza.
Huyu tumwite nani?
Mimi ndiye ninayeamshwa, ninayepangiwa saa,
ninayetoka mbio karakana ya mabasi na mafuta mikononi
kwa kuwa saa kumi na mbili jioni ni maji yake.
Nani kamfuga nani?

Maji. Mfuko unaning'inia
kwenye ndoano ya koti lako la shule
(koti lenyewe nimelihamisha, sikulitupa).
Kwanza naupasha kwenye beseni,
maji ya baridi yanamshtua.
Nabana ngozi katikati ya mabega, inasimama kama hema,
sindano inaingia,
na anayetetemeka si yeye.
Nundu inamtoka begani kama ng'ombe wa Pangani.
Anaondoka nayo upandeupande, amenuna,
hanitazami mpaka taarifa ya habari iishe.
Asubuhi nundu haipo. Ngozi imekunywa.

Baba yako mdogo Shemndolwa aliniona kwenye video,
akacheka mpaka akakohoa: Dripu? Ya paka?
Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza.
Tulimkumbuka mtu mmoja, wodi moja, chupa moja tupu.
Hakuna aliyetaja jina.
Akasema tu, endelea, kaka. Mpe.

Nilikataa, unakumbuka? Ulikuwa na miaka saba.
Nilisema makazi ya paka ni uani,
na ghorofa ya tatu hii uani uko wapi?
Ukalia siku mbili.
Ya tatu nikapanda ngazi na boksi lenye matundu,
ndani mna kitu kinanifokea.

Dirishani pana visanduku viwili vya dawa,
cha presha yangu na chake.
Jumanne nilikaribia kummezesha yangu.
Tukatazamana.

Ndiyo, kitumbua kimeingia mchanga.
Jana hakugusa chakula.
Leo nimempashia samaki, nikachovya kidole,
nikakilamba mwenyewe ili aone,
mzee mzima, nimepiga magoti jikoni.
Akalamba mara nne.
Nimehesabu.

Usikate tiketi, nauli ya huko Calgary naijua.
Lakini ukipiga tena usiulize hajambo.
Uliza leo ni sikio gani.